Salamu Yangu Kona ya Mpeasi

Baba yangu mzazi aliwahi kudondosha cherehani korongoni kwa sababu ya adabu. Nianzie hapo, madereva wenzangu, maana nikianzia moja kwa moja kwenye aibu yangu ya leo mtaniona nimechanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Nimeumbuka tu.

Nilikuwa na miaka saba au minane, kwetu hakuna aliyekuwa anaandika tarehe za kuzaliwa. Baba alinunua kichwa cha cherehani kwa fundi mmoja wa Rangwi, kule misheni ya Wakatoliki (sisi ni Walutheri, lakini cherehani haina dhehebu). Tukaondoka alfajiri kurudi kwetu. Yeye kichwa cha cherehani juu ya kofia yake, kofia nene ya sufu aliyoikunja ili chuma kisimuumize. Mimi nyuma, nimebeba gurudumu. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, inapita ubavuni mwa mlima, mkono huu udongo umesimama kama ukuta, mkono huu korongo. Tukakata kona, tukamwona bibi yangu mzaa mama anakuja na mzigo wa kuni.

Sasa wapo humu kwenye kundi letu la simu wenzetu wa mjini waliosahau, niwakumbushe. Kwetu Usambaa, zamani, mama mkwe hupishani naye kama unavyopishana na mbuzi. Unatoka njiani. Unasimama chini yake, unavua kofia, unatazama miguu yako, unaamkia, na unangoja mpaka akuruhusu. Uso wake hukodolei macho. Jina lake hulitaji, hata ukiwa peke yako shambani. Siku hizi mtu anampigia mama mkwe simu ya picha akiwa kifua wazi. Mimi sisemi kitu, nasema tu zamani.

Baba akatoka njiani. Upande wa kutokea ulikuwa mmoja. Akashuka hatua mbili kwenye majani, akasimama, akainua mkono akavua kofia. Na cherehani ilikuwa juu ya kofia.

Niliisikia ikishuka. Ilichukua muda mrefu. Baba hakugeuka. Akaamkia, akauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mahindi, za kikohozi cha babu, akajibiwa zote moja moja, naye akaulizwa zake akasema zote ni nzuri. Akangoja bibi apite, akangoja aimalize kona. Ndipo akaniambia, "Haya, twende tukaitafute."

Hatukuipata nzima. Lile gurudumu nililobeba mimi ninalo mpaka leo, nafungia mlango wa banda la mbuzi.

Hayo hayahusu magari. Nimeyasema ili mjue nimezaliwa na nani.

Mimi wengi wenu mnanijua. Kwa wasionijua, niliendesha lori la mboga miaka thelathini na moja, Lushoto kwenda Dar, karoti na kabichi kwenda, chumvi na mabati kurudi. Darasani niliishia la tatu. Kona za kushuka Mombo nazijua kwa makalio, mtu akinifunga kitambaa machoni nitamwambia hapa ni Soni kwa vile kiti kinavyoniegemeza. Nilipostaafu nikanunua kigari cha saluni, cha bluu, kutoka kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Mwaka wa saba sasa ninacho. Kinapeleka watu kanisani, kinapeleka wajawazito hospitali, kinapeleka peasi sokoni. Bila kile kigari mimi ni mzee tu anayekaa kibarazani anauliza nani kapita.

Hapo ndipo shida ilipo. Binti yangu Naomi, mwalimu hapa hapa mjini, anataka funguo.

Anasema macho. Alianza kusema macho mwaka jana, baada ya mambo ya mpeasi. Mpeasi wa mama mkwe wangu, pale kwake kwenye kona, ukipanda kwenda Magamba. Mti mkubwa, ulipandwa kabla mimi sijaoa. Siku moja ulikutwa umevunjika katikati, na mimi nikasema nimeona lori la magogo likipita kwa fujo. Tangu siku ile mama mkwe haitikii salamu zangu. Hagombi, hasemi chochote. Namwamkia, nasimama, natazama chini, yeye kimya mpaka mimi mwenyewe najiondoa. Mwaka mzima. Ana miaka themanini na ushee na hana haraka ya jambo lolote.

Basi mwezi uliopita wakaja watu wa chama cha mashindano ya magari. Si wale wa magari ya ajabu ya kwenye televisheni. Hawa ni watu wa kujifurahisha, wa Tanga, wa Dar, mmoja wa Moshi. Mwenyekiti wao, bwana Karimu, ni daktari wa meno. Wanakimbiza magari ya kawaida, yale yale wanayoendea kazini Jumatatu. Sharti lao ni hilo: gari iwe kama ilivyotoka kiwandani, usiitie utundu. Wakaomba kibali, barabara ifungwe kuanzia asubuhi mpaka saa sita, kutoka mjini hadi Magamba. Gari moja moja, kila baada ya dakika tatu. Mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Na wakaweka kundi la wenyeji.

Nikajiandikisha. Jumapili baada ya ibada Naomi akanikuta nyumbani, mbele ya mama yake, akasema taratibu (yule mtoto hapayuki, ndiyo maana namwogopa): "Baba, tuagane. Ukifika Magamba bila kugonga kitu na bila kusaidiwa, funguo sitazitaja tena mpaka unakufa. Usipofika, unanipa mkononi."

Nikamwambia nimekubali. Mke wangu akasema yeye ni shahidi, akarudi kuchambua maharage.

Haya. Leo asubuhi.

Baridi ya leo mmeiona, ukungu umeondoka saa tatu. Nimefika uwanjani na koti, tai ya kanisani, na miwani mfukoni. Kuhusu miwani niseme ukweli, maana leo siku ya ukweli. Wale madaktari wa macho waliokuja hospitali mwaka juzi walinipa miwani ya kuonea mbali. Nyumbani nilisema ni ya kusomea. Nikawa naivaa wakati wa kusoma Biblia, na kwa miwani ile Biblia inakuwa ukungu mtupu, kwa hiyo miaka miwili nimekuwa nasoma zaburi kwa kichwa huku nafunua kurasa. Hakuna aliyegundua. Mpango wangu wa leo ulikuwa niivae ndani ya gari kimya kimya, nipande, nishuke, basi.

Kwanza ukaguzi. Mkaguzi ni kijana mmoja mpole, ana ubao wa kuandikia, aliniamkia vizuri nikamwitikia. Akasema gari lazima iwe tupu. Nikatoa tenga la karoti. Nikatoa jembe. Nikatoa kitabu cha nyimbo. Akaingiza mkono chini ya kiti cha mbele akatoa yai. Akalitazama, akanitazama. Nikamweleza kuku wa mama Naomi hutaga humo, ni joto. Akaliweka juu ya ubao wake kwa heshima, akaendelea kuandika amelizuia kwa kidole gumba.

Akafika nyuma. Akauliza, "Mzee wangu, hiki kiti ndicho gari ilichotoka nacho kiwandani?"

Nikamwambia hapana, hilo ni benchi la kanisa. Kiti kiliota kutu tukakitoa, na kanisa lilikuwa linabadilisha mabenchi. Nimelikata miguu, nimelifunga kwa bolti, linakaa watu wanne wembamba.

Wakaitana. Alikuja bwana Karimu, wakaja wengine wawili, wakafungua kitabu cha sheria pale pale juu ya boneti. Wamesoma kwa muda. Sheria inakataza kuongeza nguvu za injini, inakataza kupunguza uzito. Benchi la mvule halipunguzi uzito. Bwana Karimu akasema hakuna mahali benchi limekatazwa, akaniandikia namba kumi na nane. Wale vijana wa Tanga walipiga picha nyingi na lile benchi. Nilidhani hiyo ndiyo aibu ya leo, nikawa nimeshaizoea.

Kisha helmeti. Ya chama, wanakuazima. Nilipoivaa ikakaza kama kifuniko cha chupa, na mikono ya miwani ikakataa kuingia. Nimejaribu kwa juu, nimejaribu kwa chini. Watu wanangoja. Nikaiweka miwani juu ya dashibodi, nikajiambia nikishaondoka nitajua la kufanya.

Bendera ikashuka, nikaondoka.

Kona ya kwanza miwani ilikaa. Kona ya pili ikahamia upande wa abiria. Kona ya tatu sikuiona tena, na hilo ndilo tatizo la miwani, ikipotea ndiyo unayoihitaji ili uitafute.

Lakini niseme ukweli mwingine. Niliendesha. Ndugu zangu, niliendesha kama zamani. Nilipiga honi kila kona (wameniambia barabara imefungwa, honi si lazima, nikasema nimesikia, nikapiga). Kona ya mashineni nilishuka gia mbili bila kugusa breki. Pale kwenye daraja dogo gari iliimba. Barabara ilikuwa mbele yangu kama utepe wa kijivu, pembeni kijani, na pale ambapo kijani kinaingia kwenye kijivu najua ni kona, na kona yenyewe naijua jina lake na ukoo wake. Watu pembeni niliwaona rangi rangi tu. Wakishangilia najua ni watu. Nilikuwa najiambia, Naomi mwanangu, uko wapi uone.

Kumbe alikuwa kona ya mpeasi, amekaa na bibi yake.

Zimebaki kona tatu kufika Magamba. Nakata ile ya mama mkwe, napiga honi, na hapo ukingoni, hatua moja ndani ya barabara, namwona amesimama.

Kitenge cha zambarau. Sweta la kijani, na sweta lile nalijua, mke wangu ndiye aliyelifuma. Kitambaa cheupe kichwani. Amesimama wima, mnene kidogo, hatikisiki.

Mtaniuliza, mzee, mama mkwe wako atasimamaje barabarani siku ya mashindano? Na mimi nawauliza, mnamjua? Ni mtu aliyenyamaza mwaka mzima. Nikajua ameamua. Nikajua ametoka ndani ya nyumba yake akaja kusimama mbele yangu makusudi, aone kama nitampita.

Saa yangu ilikuwa inahesabiwa. Hilo nalijua, msidhani sikujua. Ila kumpita mama mkwe kwa kasi, nimtimulie vumbi, na honi juu? Baba yangu aliacha cherehani.

Nikasimama. Nikazima injini. Nikashuka, nikafunga mlango taratibu, nikaenda upande wa chini wa barabara, chini yake. Nikashika helmeti nivue. Haikutoka. Nikavuta, masikio yakagoma. Nikasema, "Nisamehe kofia, mama, imekwama." Nikatazama viatu vyangu.

"Onga mshi," nikaanza. Nikamwamkia ile ya Kishambaa, ndefu, yenye kila kitu. Habari za nyumbani. Za mguu. Za mbuzi. Za maharage, kama yamepona na baridi hii.

Kimya.

Nilikuwa nimezoea kimya chake, lakini leo kilikuwa karibu sana. Naona pindo la kitenge tu, linapepea kidogo. Nikafikiri, huyu mama amekuja hadi barabarani, na mimi nitasimama hapa niulize habari za maharage? Na nilikuwa nimechoka, nisiwafiche. Mwaka mzima nimebeba lile jambo. Nimelibeba kanisani, nimelibeba kitandani, kila nikipita pale najidai natazama upande mwingine. Midomo ikasema yenyewe.

"Mama, ule mpeasi si lori la magogo. Ni mimi. Ilikuwa mchana, sikuwa nimekunywa, nilikuwa narudi sokoni. Sikuuona. Mti mzima, mama, na naujua tangu naoa, sikuuona. Nilisikia tu gari imesimama. Nikasingizia lori kwa sababu ningesema ukweli wangeninyang'anya funguo."

Kimya.

"Na yai la kuku ni jambo la baadaye," nikaongeza, sijui kwa nini. Mtu akianza kutubu hajui pa kusimama.

Hapo nikasikia gari nyingine inapanda. Dakika tatu zangu zimekwisha, namba kumi na tisa ananifikia. Nikasikia inafunga breki, inasimama nyuma ya yangu, mlango ukafunguliwa. Mimi siwezi kugeuka, mama mkwe hajaniruhusu.

Namba kumi na tisa ni binti mmoja wa Tanga, Salma, anauza dawa za binadamu. Tulisalimiana asubuhi, mtoto mwenye adabu zake. Sasa yeye ameona nini? Ameona mzee ameacha gari katikati ya mashindano, amesimama kando ya barabara, kichwa chini, mikono mbele. Akafikiri kuna msiba. Akavua helmeti yake, akavuta mtandio akajifunika, akaja akasimama kando yangu, na yeye akainamisha kichwa. Tukakaa hivyo wawili.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Pole, baba. Ni nani?"

"Mama mkwe," nikasema.

"Mungu amlaze mahali pema."

"Hajafa. Amenyamaza tu."

Nikamsikia anainua kichwa. Akatazama. Kisha akanishika kiwiko, taratibu, kama mnavyomshika mtu mwenye homa.

"Baba," akasema, "haya ni matairi."

Nikamwambia mwanangu, usiseme hivyo, atasikia.

"Baba, ni matairi. Yamevishwa sweta."

Ndipo nikainua macho. Nikasogea. Nikasogea tena, mpaka nikawa karibu kama mtu anayesoma tangazo. Matairi sita, yamepangwa juu ya mengine, wale watu wa chama waliyaweka pale kuzuia gari isiingie shambani. Yamefungwa kitenge. Yamevishwa sweta. Juu kuna mfuko wa sandarusi umejazwa majani, umefungwa kitambaa cheupe.

Na huku chini ya mti uliovunjika, ukingoni juu yetu, watu. Kwanza niliona rangi tu, kisha zikawa watu. Kina mama wa pale kijijini wamekaa kwenye majani, labda thelathini. Hakuna aliyekuwa anacheka, na hilo ndilo baya. Wamekaa kimya kama ibada. Naomi ameniambia baadaye kwamba bwana wa bendera, yule wa chama aliyewekwa kulinda ile kona, alitaka kunifuata mwanzoni kabisa, na kina mama nao walitaka kunipigia kelele, lakini mtu mmoja aliinua mkono, wote wakatulia.

Huyo mtu ndiye aliyesema sasa, kutoka kule juu. Sauti yake sijaisikia mwaka mzima.

"Mwacheni amalize. Mimi nilikuwa nasikia vizuri huku."

Kumbe vile vitu ni vyake. Watu wa chama walipoweka matairi jana, mama mkwe aliwaambia hayaonekani, meusi kwenye kivuli. Akatoa kitenge chake, sweta lake na kitambaa, akayavisha yeye mwenyewe. Akasema kona hii ina watu hawaoni hata mti.

Na kana kwamba haijatosha, yule bwana wa bendera ana redio ya mkononi. Kazi yake ni kutoa taarifa kule juu kwenye kipaza sauti. Alikuwa ametoa. Niliisikia yenyewe ikirudi kutoka Magamba, sauti ya mtangazaji inashuka na upepo juu ya miti, Magamba nzima inasikia, wazungu wa kwenye hoteli wanasikia: namba kumi na nane amesimama kona ya mpeasi, gari nzima, dereva mzima, anaongea na matairi. Kisha, baada ya kidogo: namba kumi na tisa naye amesimama, wanaongea nayo wote.

Salma akasema, "Nitawaambia mimi ndiye niliyeharibikiwa gari, baba." Mungu ambariki yule mtoto. Nikamwambia arudi kwenye gari yake, aende, asipoteze muda wake kwa ajili yangu. Akakataa. Akakaa juu ya boneti yake akawa anangoja.

Naomi akashuka ukingoni, viatu mkononi. Nilijua anakuja kuchukua funguo. Akasimama mbele yangu. Hakuzitaja. Macho yake yalikuwa na maji.

"Baba, zimebaki kona mbili," akasema. "Hujagonga kitu. Ingia umalize."

Hapo ndipo nilipoumbuka kweli, wenzangu. Si kwenye matairi. Matairi ni kitu cha kucheka, na najua mmeshacheka, nimeona mmoja wenu ameweka zile sura za njano hata kabla sijamaliza kuandika (naandika kwa kidole kimoja, natuma kipande kipande, mtaningoja). Nimeumbuka pale, kwa sababu mtoto alinipa njia. Aliniruhusu nidanganye tena, kona mbili tu, na angenyamaza mpaka nakufa, namjua. Na mimi nilizitazama zile kona mbili. Moja ina shule ya chekechea pembeni. Nikatafuta watoto kwa macho. Niliona rangi.

Nikamwambia, "Mwanangu, sioni."

Akasema, "Najua, baba."

Nikaingia garini nikachomoa funguo. Miwani ilikuwa imelala juu ya benchi la kanisa, nzima, inanitazama. Nikaiacha. Funguo sikumpa Naomi. Nikapanda ukingo mpaka pale alipokaa mama mkwe, nikasimama chini yake kama inavyotakiwa, nikatazama miguu yake, mara hii ni miguu kweli, nikahakikisha vidole. Nikampa funguo kwa mikono miwili.

Akazipokea. Akazipima uzito mkononi.

"Baba Naomi," akasema, "mpeasi umechipua chini, matawi mawili. Ungekuwa unapita kwa miguu ungeuona."

Nikasema ndiyo, mama. Akasema naweza kwenda.

Nikashuka barabarani. Bwana wa bendera ananiuliza gari je, nani anaiondoa, na wale walioko nyuma wafanyeje. Naomi akasema ataomba funguo kwa bibi yake, ataiendesha yeye. Salma anauliza kama nataka maji. Bwana Karimu anaongea kwenye redio, anasema mzee asiondoke, wameamua kunipa nafasi nyingine, nianze upya mwisho wa msururu, ni haki yangu kwa sheria, kuna kifungu. Wote wema. Nikawapa mkono mmoja mmoja, nikawageuzia mgongo, nikaanza kuteremka kwenda nyumbani kwa miguu.

Helmeti yao bado ilikuwa kichwani. Watu niliokutana nao njiani waliniamkia, nikawaitikia marahaba kutoka ndani.

Nyuma yangu nilimsikia mtangazaji akiita kutoka juu ya miti. Namba kumi na nane. Namba kumi na nane arudi kwenye gari, muda wake bado unahesabiwa. Aliita mpaka nilipoimaliza ile kona, akaita tena nikiwa darajani.

Nadhani mpaka sasa unahesabiwa. Sikugeuka.